Kuwafunza Punda Wawili Kuvuta Gari Moja

Magari ya kukokotwa tunayoyaona Unguja na Pemba aghalabu huvutwa na mnyama mmoja aliyefungwa katikati ya miti miwili, awe ng'ombe au punda, na kwa mizigo ya kuni, makuti au madumu ya maji mpango huo unatosha. Taabu huanza mzigo unapokuwa mchanga, matofali, mawe ya kujengea au magunia ya mwani mbichi, kwani hapo mwenye gari hujikuta akichagua kati ya kwenda safari nyingi za mzigo mdogo na kumtwika punda mmoja kazi ya wawili. Wengi huchagua hili la pili. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, nayo ni kuwafunza punda wawili wavute ubavu kwa ubavu kwenye gari moja, wakisikiliza sauti moja na kufuata vigwe, yaani kamba za kuongozea, vilivyo mikononi mwa mtu mmoja.

Jambo la kufahamu tangu mwanzo ni kwamba jozi hutengenezwa kabla ya gari. Mtu akinunua punda wawili wasiojuana, akawafunga pamoja siku hiyohiyo na kutegemea kwamba barabara itawafunza, atapata wanyama wanaovutana wenyewe kwa wenyewe huku gari likienda mrama. Ukifuata utaratibu uliomo humu, kazi itachukua miezi miwili hadi mitatu kwa punda ambao hawajapata kufunzwa, na pengine nusu ya muda huo kwa waliokwisha kuzoea gari la mnyama mmoja, ingawa hawa nao huja na tabia zao ambazo hazina budi kuondolewa.

Kuchagua jozi

Punda hushikamana na mwenziwe kwa namna ambayo wengi wetu hatuizingatii. Wawili waliozoeana hula karibu karibu, husimama wakipishana vichwa na mikia ili kila mmoja amfukuzie mwenziwe nzi, na mmoja akiondolewa, aliyebaki hulia, huacha kula na pengine huugua. Kwa hivyo, ikiwa tayari unao wawili waliokulia zizi moja, kwa mfano mama na mwanawe aliyekomaa, usihangaike kutafuta wengine kwa sababu tu rangi zao hazilingani. Rangi haivuti gari. Kinachopaswa kulingana ni kimo na urefu wa hatua. Wasimamishe sambamba mahali palipo sawa, kisha utazame mabega yao: tofauti ya vidole viwili au vitatu haina madhara, lakini tofauti ya shubiri nzima itaufanya mti wa gari, ule mrefu unaopita katikati ya jozi, uegemee upande mmoja, na yule mfupi ndiye atakayeumia. Halafu waongoze kwa kamba, mmoja mmoja, katika njia ileile na kwa mwendo wao wenyewe bila kuwahimiza, na umwombe mtu akutazamie ni yupi anayefika mapema. Mwepesi na mzito wanaweza kufunzwa kwenda pamoja, ila jozi hiyo itakwenda daima kwa mwendo wa yule mzito, na mwepesi atachoka kwa kuzuiwa zaidi kuliko kwa kuvuta.

Majike wawili, au jike na dume aliyehasiwa, ndio wanaofaa zaidi. Dume asiyehasiwa akifungwa ubavuni mwa jike atakuwa na shughuli nyingine kabisa, na madume wawili wa namna hiyo watang'atana shingo mbele ya duka la watu. Kuhasi ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye dawa ya ganzi, wala si ya fundi wa kijiji mwenye kisu. Ukiwa na majike, kumbuka pia kwamba mimba ya punda huchukua takriban miezi 12, na kwamba katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba na mitatu ya mwanzo ya kunyonyesha jike hafungwi gari, kwa hivyo majike wawili wenye mimba kwa wakati mmoja ni jozi ya kukaa bure nusu mwaka.

Kuhusu umri, punda anaweza kuzoeshwa hatamu na kuongozwa akiwa na miaka miwili, lakini asivute mzigo wa kweli kabla ya kutimiza miaka minne, kwa sababu mifupa ya miguu na mgongo wake huwa bado haijakomaa. Muuzaji akikwambia kwamba mnyama ana miaka mitano, mfungue mdomo: punda wa umri huo huwa amekwisha kubadilisha meno yote ya mbele, na ukikuta meno madogo ya utotoni yangalipo pembeni, basi ni mdogo kuliko ulivyoambiwa.

Matandiko

Hapa namwomba msomaji atulie, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayoharibiwa kuliko zote. Nira ya ng'ombe haimfai punda. Ng'ombe wetu ana nundu na shingo nene, naye husukuma nira kwa nundu hiyo. Punda hana nundu. Mifupa iliyo juu ya mabega yake imefunikwa na ngozi nyembamba, na nguvu zake za kuvuta ziko kifuani. Ukimvika nira, mti hukaa juu ya mfupa mtupu, hupiga kila tairi linapoingia shimoni, na baada ya wiki chache ngozi huchubuka na kufanya donda ambalo haliponi kwa kuwa kila asubuhi nira hurejeshwa palepale. Kuwaweka punda wawili chini ya nira moja huzidisha madhara, maana mmoja akipinda shingo humnyonga mwenziwe.

Punda huvalishwa mkanda wa kifua. Uwe na upana wa vidole vinne au zaidi, wa turubai iliyokunjwa mara kadhaa au wa ngozi, na upande unaogusa mwili ushonewe blanketi kuukuu au kitambaa cha pamba kinachoweza kufuliwa. Mkanda huu hushikiliwa na ukanda mwingine mwembamba unaopita juu ya shingo ili usishuke. Mahali pake ni padogo kuliko watu wanavyodhani: juu ya kifundo cha bega, ambapo mguu unajongea, na chini ya pale koromeo linapoingia kifuani. Ukikaa chini mno utazuia mguu usinyanyuke. Ukikaa juu mno utamziba pumzi. Ukishaufunga, uvute kwa nguvu kuelekea nyuma kama gari litakavyofanya, kisha pitisha mkono bapa baina ya mkanda na koo. Mkono usipopita, au punda akianza kukoroma, shusha mkanda kidogo na ujaribu tena.

Kamba ya usumba tuliyoizoea ni nzuri kwa kufungia mzigo na kufungia mnyama malishoni, lakini ikigusa ngozi yenye jasho hukwaruza, na kamba ya nailoni hukata. Mpira wa tyubu nao, ambao mafundi wengi huupenda kwa kuwa ni wa bure, hauvuti jasho na huunguza manyoya. Vyote vitatu vinaweza kutumika mahali pasipogusa mwili. Panapogusa mwili pawe na kitambaa.

Kila punda awe pia na tandiko dogo la mgongoni lenye mito miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, ili uti wenyewe usibebe chochote. Tandiko hilo hushikiliwa na mkanda wa tumbo, na juu yake huwekwa pete mbili za kupitishia vigwe. Mwisho ni mkanda wa nyuma, unaozunguka makalio kiasi cha shubiri moja na nusu chini ya mkia na kuungwa kwenye mti wa gari. Huu ndio breki ya jozi, kwa kuwa bila ya mkanda wa nyuma, gari linaposhuka kilima huwagonga punda miguuni. Kwenye tambarare za Makunduchi mtu anaweza kujidanganya kuwa hauhitaji. Kwenye vilima vya Pemba hatafika mbali.

Hatamu iwe ya ukanda wa pua na ukanda wa nyuma ya masikio, bila lijamu, maadamu punda amefunzwa vizuri. Ukanda wa pua ukae vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, kwani chini zaidi ya hapo pua ni laini na inaumia kwa urahisi. Lijamu la kujitengenezea kwa waya au kipande cha nondo halina nafasi katika kinywa cha mnyama yeyote.

Vigwe vya jozi vina mpango wake. Kigwe cha mkono wako wa kulia kinakwenda hadi kwenye pete ya kulia ya hatamu ya punda wa kulia. Na kabla ya kufika kwenye tandiko lake, hutoa tawi linalokatiza katikati na kushika pete ya kulia ya punda wa kushoto. Kigwe cha kushoto hufanya vivyo hivyo kwa upande wake. Matokeo yake ni kwamba ukivuta mkono wa kulia, vichwa vyote viwili hugeukia kulia kwa pamoja. Matawi haya yawe na bizimu au fundo linalorekebishika. Punda wakitembea huku vichwa vimeelekeana, matawi ni mafupi. Wakitembea huku kila mmoja anatazama upande wake, matawi ni marefu.

Kiungo cha mwisho ni mti wa mizani. Huu ni mti wa urefu wa takriban mita moja, uliotobolewa katikati na kushikwa kwa bolti moja mbele ya gari ili uweze kucheza. Kila ncha hubeba kijiti kifupi, na kwenye ncha za kijiti hicho ndiko zinakofungwa kamba mbili za kuvutia za punda mmoja. Kwa kuwa mti unacheza kwenye bolti, hakuna punda anayeweza kumwachia mwenziwe kazi bila kuonekana: anayelegea ncha yake hurudi nyuma na anayejituma ncha yake hutangulia. Ukizifunga kamba moja kwa moja kwenye fremu ya gari, utakuwa na mmoja anayevuta na mwingine anayesindikiza.

Kumfunza kila mmoja peke yake

Pwani ya kusini mashariki, kuanzia Bwejuu hadi Jambiani, inatoa uwanja mzuri wa mafunzo maji yanapokuwa makavu, maana mchanga uliotoka kulowa ni mgumu, uko sawa na hauna magari. Angalia tu saa ya maji kujaa na ukae mbali na vigingi na kamba za mwani, ambazo ni mali ya watu na mtego kwa miguu ya punda. Asiye na pwani atumie kiwanja chochote kilicho wazi. Saa bora ni baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali, au baada ya alasiri. Na kipindi kimoja kisizidi nusu saa, kwani punda hujifunza zaidi katika robo saa mbili kuliko katika saa mbili mfululizo. Ijumaa wapumzike. Mwezi wa Ramadhani si wakati mzuri wa kuanza, na sababu yake ni mwendeshaji kuliko punda.

Mpe kila mmoja jina fupi, na majina hayo yasifanane kwa sauti, kwa mfano Tunu na Mawimbi, kwa sababu baadaye utahitaji kumwita mmoja bila kumwamsha mwingine. Maneno ya amri nayo yawe machache na ya sauti tofauti: "haya" kwa kwenda, "simama", "shoto", "kulia", "nyuma" na "taratibu". Kila atakayewashika punda hao, hata mtoto anayewapeleka kunywa maji, atumie maneno hayohayo.

Funzo la kwanza ni kusimama. Mwongoze kwa kamba, sema "simama" mara moja, simama wewe mwenyewe, na vuta kamba kidogo. Mara tu anapotulia, legeza kamba na umkune shingoni au umpe ganda la ndizi. Kulegeza ndiko kunakomfundisha, kwa hivyo kukichelewa funzo limepotea. Asipewe funzo jingine mpaka asimame kwa neno tupu, akae hivyo kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini, na afanye hivyo ukiwa upande wake wa kulia na wa kushoto pia. Punda wengi wamezoea kuongozwa kutoka kushoto pekee, na ukimjongelea kutoka upande wa pili hustuka kana kwamba ni mtu mwingine aliyekuja.

Utafika wakati ambapo ataganda. Turubai limepigwa na upepo, bodaboda imepita, na punda amekita miguu minne chini, masikio mbele, pua zimepanuka, hasogei. Farasi katika hali hiyo angekimbia. Punda huganda ili atazame kwanza na aamue. Anayemwita mkaidi na kumchapa humthibitishia kwamba kile alichokiogopa kweli kina madhara, na mara ya pili ataganda mapema zaidi. Simama naye. Mwache atazame mpaka sikio moja ligeuke kukuelekea wewe, kwani sikio hilo ni alama kwamba fahamu zinarudi, kisha umwombe hatua moja tu mbele, na umsifu. Fimbo ibaki kuwa ya kumgusia na kumwelekeza. Mtume (S.A.W.) amekataza kumpiga mnyama usoni, na ninaongeza kwamba punda aliyezoea kipigo cha usoni havishiki hatamu kwa urahisi maisha yake yote.

Baada ya kuongozwa, huja kuendeshwa kutoka nyuma. Mvalishe tandiko na hatamu, pitisha vigwe viwili virefu kwenye pete za tandiko, na utembee nyuma yake kwa umbali ambao teke halikufikii, ukiegemea kidogo upande mmoja ili akuone. Siku za mwanzo msaidizi atembee ubavuni mwa kichwa chake bila kumshika. Mfanyishe mizunguko mipana, kusimama, kuanza tena, na hatua mbili tatu za kurudi nyuma. Vigwe visizungushwe mkononi hata siku moja, maana mnyama akikurupuka vitakukokota. Vishike vikiwa vimekunjwa juu ya kiganja.

Kisha mzoeshe kelele na uzito. Tairi kuukuu la gari ndogo linatosha. Msaidizi alivute kwanza kwa kamba, ubavuni na kisha nyuma ya punda, mpaka punda asilijali. Baadaye kamba za kuvutia zifungwe kwenye tairi kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kila mmoja wa jozi apite hatua hizi zote peke yake kabla ya kuonja kazi ya pamoja, huku mwenziwe akiwa mahali anapoonekana, amefungwa kivulini na majani mbele yake.

Kuwaunganisha

Amua sasa nani atakaa wapi. Kwa kuwa barabara zetu huendeshwa mkono wa kushoto, magari yatawapita kwa upande wa kulia, na kwa hivyo aliye mtulivu akae kulia na mwoga akae kushoto, upande wa majani. Katika kipindi chote cha mafunzo wasibadilishwe nafasi hata wanapopelekwa kunywa maji.

Anza kwa kuwaongoza bila kitu chochote mgongoni, wasaidizi wawili wakishika kila mmoja punda wake kutoka nje, na nafasi ya shubiri moja na zaidi kidogo kati ya mabega yao. Watembee, wasimame, wageuke. Katika kugeuka ndipo kasoro huonekana, kwa sababu punda wa nje hana budi kuongeza hatua na wa ndani kupunguza, na hakuna aliyewaambia hivyo. Unapogeuka kulia, mwite kwa jina yule wa kushoto, useme "haya", na umtulize wa kulia kwa "taratibu". Wakishaelewa, wavalishe vigwe vya jozi na urudie yote ukiwa nyuma yao.

Tairi hurudi tena, safari hii wakilivuta wawili kwa mti wa mizani, ambao kwa sasa umefungwa kwenye tairi lenyewe. Unaposema "haya" kwa mara ya kwanza, tazama mti huo kuliko unavyowatazama wanyama. Aghalabu Mawimbi ataruka mbele, ncha yake itatangulia, kamba zake zitakaza ghafla, naye ataona kizito na kusimama. Ndipo Tunu, aliyekuwa bado anafikiri, atakapoanza kuvuta, na ncha ya pili itarushwa mbele. Wakifanya hivyo mara tatu mfululizo, mwepesi huanza kuogopa mkanda wa kifua na mzito huona kwamba kuchelewa kuna faida. Dawa yake ni kuwafikisha wote wawili kwenye kamba zilizokaza kabla ya amri. Simamisha jozi, mwite mzito kwa jina lake asogee nusu hatua mpaka kamba zake zinyooke, mzuie mwepesi kwa vigwe, ngojea pumzi moja, kisha toa neno la kwenda. Mti wa mizani ukikaa sawa kwa hatua kumi, simama na uwasifu. Funzo hili lirudiwe kila siku mpaka liwe mazoea, na usione haya kukaa juu yake wiki mbili nzima, kwani hakuna kitu kingine katika mwongozo huu chenye manufaa kama hiki.

Gari

Gari la magurudumu mawili la jozi lina mti mmoja mrefu unaopita katikati ya punda na kubebwa na mti wa kukingama unaolala juu ya matandiko yao mawili. Kabla ya kuwafunga, lijaribu likiwa na mzigo: simama mbele na uinue ncha ya mti kwa mkono mmoja. Uweze kuuinua bila kujikaza, lakini usielee. Ukiwa mzito, mzigo umeelemea mbele na migongo ya punda itaubeba. Ukielea, mikanda ya tumbo itawanyanyua. Ekseli ipakwe grisi na matairi yajazwe upepo, maana tairi lililolegea huongeza uzito ambao hakuna aliyeulipia.

Wakati wa kufunga, vigwe vya jozi ndivyo vya kwanza, na mtu avishike. Hufuata mti wa gari, mikanda ya nyuma, na kamba za kuvutia mwisho kabisa. Kufungua ni kinyume chake, na hatamu haivuliwi mpaka punda wawe wametoka kabisa kwenye gari. Siku za mwanzo gari liwe tupu, wewe utembee ubavuni, na msaidizi awe mbele ya vichwa. Watoto wasipande. Najua kwamba hili ni gumu kutekeleza mtaani saa watoto wanapotoka skuli, lakini jozi changa ikikurupuka, aliye juu ya gari ndiye anayerushwa.

Kona zichukuliwe kwa upana. Jozi haigeuki papo kwa papo, kwani mti wa gari utampiga wa ndani begani, na hiyo ndiyo sababu ninaona jozi haifai kabisa kwa vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako gari la punda mmoja au la kusukumwa kwa mkono hufanya kazi vizuri zaidi. Kwenye mteremko wa kwenda chini, simama kileleni, hakikisha mikanda ya nyuma imekaa, kisha shuka kwa "taratibu" bila kuwaruhusu kukimbia. Kwenye mpando, mzigo huvutika nyuma na mti hupanda juu, kwa hivyo sogeza magunia mawili mbele kabla hujaanza, na msaidizi afuate na jiwe la kuzuia tairi ili punda wapumzike katikati. Epuka mikusanyiko mpaka jozi ikomae. Siku ya Mwaka Kogwa, kwa mfano, Makunduchi si mahali pa punda waliotoka mafunzoni. Ukilazimika kutembea magharibi, gari liwe na viakisi nyuma na taa mkononi mwa mtu.

Mzigo na saa za kazi

Msemo wa "afe punda, mzigo ufike" umekuwa ruhusa ya kila aina ya ukatili, na hesabu zake hata za kibiashara ni mbovu, kwa kuwa punda aliyetunzwa anaweza kufanya kazi zaidi ya miaka 15. Punda wa kawaida wa Afrika Mashariki ana uzito wa kilo 150 hivi. Jozi ya punda wenye afya, kwenye lami iliyo sawa na kwa matairi mazuri, isivute zaidi ya kilo 500, na humo gari lenyewe limo. Ikiwa gari lina kilo 150, basi unabaki na kilo 350, sawa na mifuko saba ya saruji. Kwenye mchanga laini, njia ya mawe au mpando, gawanya kwa mbili. Mchanga wa kujengea huwadanganya watu zaidi, kwa sababu ndoo ya lita 20 iliyojaa huwa na kilo 30 au zaidi, na ukilowa huzidi. Gari lililojazwa mpaka juu linaweza kupita tani moja bila mwenyewe kujua.

Mwezi wa kwanza wa kazi usizidi saa mbili kwa siku, na baadaye, hata kwa jozi iliyokomaa, saa sita zikigawanywa asubuhi na jioni ni mwisho. Kila punda ahesabiwe lita 20 za maji kwa siku, na zaidi wakati wa kaskazi. Punda ana kinywa cha kuchagua, na akihamishwa kutoka kisima cha maji baridi hadi cha maji ya chumvichumvi anaweza kukataa kunywa siku nzima, kwa hivyo safari ya mbali ibebe dumu la maji ya nyumbani. Lishe iwe majani na ukoka kwa wingi, pumba kidogo, na kila mmoja na chombo chake, maana katika kila jozi yupo anayekula cha mwenziwe. Masika wawe na banda lisilovuja, kwani manyoya ya punda hayazuii mvua.

Baada ya kuwafungua, waache wagaegae mchangani, kisha pitisha kiganja kila mahali mkanda ulipokaa. Joto, unyevu wa kunata au manyoya yaliyolala kinyume ni dalili za donda la kesho, na tiba yake ni kurekebisha mkanda leo na kumpumzisha. Inua kila mguu uchokoe mawe, hasa kwa wanaotembea kwenye maweni. Jeraha la jiwe au la msumari lisidharauliwe, kwa sababu punda hupatwa na pepopunda upesi. Mwulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo kabla kazi haijaanza.

Mmoja akiugua, usimfunge aliye mzima kwenye gari la jozi peke yake, kwa kuwa mti wa katikati utampinda, wala usimwazimie punda wa jirani awe mwenziwe kwa siku moja. Kama una tandiko na gari la mnyama mmoja, mpe kazi nyepesi za karibu na zizi, na jioni arudi pale anapoweza kumwona mgonjwa. Ugonjwa ukizidi wiki mbili, siku ya kurejea kazini waanzishe tena kwenye tairi kabla ya gari, na utazame mti wa mizani kama siku ya kwanza.